Dirisha la mashariki

Wete, Ijumaa usiku

Mafunzo ya siku tatu ya kuwafundisha watoto wasioona vizuri, pale kituo cha walimu, yalimalizika jana. Leo nilipoingia darasani, jicho langu lilikwenda moja kwa moja dirishani.

Januari nilipopokea darasa la tatu nilimkuta mtoto mwenye ualbino amekaa nyuma kabisa. Nikamleta mbele, ubavuni mwa dirisha la mashariki. Huyu haoni vizuri, nikasema, basi apate mwanga. Nilifanya kwa mapenzi. Kumbe kila asubuhi jua lilikuwa linampiga usoni, na mimi ndiye niliyemweka pale.

Siku ya kwanza ya mafunzo ilikwenda kwenye sheria: ile ya Zanzibar ya watu wenye ulemavu, na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao ambao Tanzania iliuridhia 2009. Ni haki za watoto hawa na nafurahi zimeandikwa, lakini hazikunionesha nimkalishe wapi mtoto wangu.

Siku ya pili ndiyo iliyonigusa. Mwezeshaji alieleza kuwa upungufu wa melanini, ile rangi ya asili ya mwili, hauishii kwenye ngozi na nywele, umo hata ndani ya jicho. Mwanga ambao jicho langu linauzuia, lake linaupitisha. Na ile sehemu ya nyuma ya jicho inayotambua vitu vidogo haikukomaa sawasawa, ndiyo maana miwani inaweza kumsaidia lakini haimmalizii shida. Kisha akazungumzia macho yanayochezacheza. Watoto wengi wenye macho hayo, alisema, hugeuza au huinamisha kichwa upande fulani kwa sababu hapo ndipo macho yanapotulia.

Niliacha kuandika. Miezi yote hii nimekuwa nikimwambia, "Nyoosha shingo, mtazame mwalimu!" Niliona ni jeuri. Tena mara mbili nimemvua chepeo kwa mkono wangu, nikaiweka mezani kwangu, maana sare yetu haina chepeo. Mara zote mbili aliinama akaweka kiganja juu ya nyusi. Nikadhani anaona haya.

(Siku ya tatu tulijifunza nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole. Nukta sita tu, lakini vidole vyangu vilikuwa vizito mno. Saa chache hazitoshi, na mwalimu mmoja kwa kila skuli hatoshi. Mwakani mtoto huyu atakuwa kwa mwalimu mwengine ambaye hakuwepo pale.)

Leo nimemhamishia dawati la mbele katikati, dirisha likawa nyuma ya bega lake. Nikamwambia, "Vaa chepeo yako, baba." Alinitazama kwanza, kama anahakikisha, ndipo akaivaa. Nikamwandikia hesabu kwenye karatasi kwa wino mweusi mzito, kila namba kubwa kama kucha ya kidole gumba, kwani maandishi ya penseli yanampotea. Na kila nililoandika ubaoni nililisema kwa sauti.

Aliisogeza karatasi karibu na pua, akainamisha kichwa kushoto. Shingo sikuigusia. Alichukua muda, nikamwacha.

"Mwalimu," akasema, "kumbe hii sita! Mie naiona sifuri siku zote."

Magharibi nilimpigia simu mama yake kumwomba radhi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, mie nilidhani kuvua chepeo ni amri ya skuli. Hurudi kichwa kinamuuma, nampaka mafuta, analala."

Sasa ninalo daftari lake hapa mezani. Mikasi mitupu, kwa wino wangu mwekundu. Ukurasa mmoja ubaoni niliandika 46 + 23. Yeye amenakili 40 + 23, akajibu 63. Nikampiga mkasi. Chini yake 16 + 31 ameiandika 10 + 31, akajibu 41. Mkasi mwengine.

Nimechukua kalamu ya kijani na ninasahihisha upya tangu ukurasa wa kwanza, nikisoma alichokiona yeye. Nimefika wa tisa.