Nyundo ya Baba na Garimoshi la Wales

Baba alivaa miwani yake, akaichukua simu yangu, na kwa muda mrefu hakusema lolote. Tulikuwa tumekaa barazani nyumbani kwetu Dodoma, mwezi huu wa Julai, wakati upepo wa kipupwe unapopeperusha vumbi hadi ndani ya vikombe vya chai, nami nilikuwa nimemfungulia picha za boila ya garimoshi ambalo kikundi chetu kinalifufua kaskazini mwa Wales. Alizipitia picha tatu nne, kisha akasimama kwenye moja na kuikuza kwa vidole viwili. "Mama," akaniambia, kwa maana nimerithi jina la mama yake mzazi na hajawahi kuniita vinginevyo, "hapa palikuwa panatoa jasho. Hii stei imekatika, au iko njiani kukatika. Mmeigonga?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikienda kwenye karakana ile kila Jumamosi ninayopata nafasi kwa zaidi ya miaka miwili, na picha ile niliipiga mwenyewe, lakini ule mstari mwembamba wa kutu na chumvi nyeupe uliochirizika kutoka kwenye kichwa cha chuma nilikuwa nimeuona kama uchafu wa kawaida unaosubiri brashi ya waya. Baba, aliyekuwa fundi wa maboila katika Shirika la Reli la Afrika Mashariki huko Tabora, na ambaye hajaigusa injini ya mvuke kwa miongo kadhaa, aliutambua akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba umbali wa maelfu ya kilomita.

Kwa wasiojua, niseme kidogo kuhusu stei, kwa sababu ndicho kiini cha kazi yetu ya mwaka huu. Jiko la injini ya mvuke ni sanduku la chuma lililowekwa ndani ya sanduku jingine, na nafasi iliyo kati ya kuta zake imejaa maji. Maji hayo yakishachemka na presha kupanda, kila ukuta unataka kuukimbia mwenzake. Kinachozizuia ni mamia ya fimbo fupi za chuma, kila moja nene kama kidole gumba au zaidi kidogo, zilizopita kutoka ukuta mmoja hadi wa pili na kufungwa pande zote mbili. Hizo ndizo stei. Injini inapopata moto na kupoa, mara elfu na elfu, kuta hizo husogea kidogo, na stei hupindwa na kunyooshwa hadi siku moja moja hukatika ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Fundi huzikagua kwa kuzigonga moja baada ya nyingine kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Stei nzima hulia kama kengele. Iliyokatika hutoa sauti nzito, ya kufa, kama mtungi wenye ufa.

Nimeulizwa na jamaa na majirani, tangu niliposhuka kwenye treni ya SGR wiki mbili zilizopita, ni kwa nini mtu aliyekwenda Ulaya kutafuta maisha atumie siku yake ya mapumziko kusugua chuma chenye kutu bila malipo. Swali ni la haki, na ninataka kulijibu kwa uangalifu.

Ninafanya kazi ya kuhudumia wazee. Miongoni mwa wazee niliowahudumia mwaka wangu wa kwanza alikuwapo mmoja ambaye alikuwa hapendi kuzungumza na mtu, lakini siku moja aliniuliza nilikozaliwa, nikamjibu kwamba ni Dodoma, akaniuliza kama kuna reli. Nikamweleza kuhusu reli ya kati na kazi ya baba. Kuanzia siku hiyo hakunyamaza tena. Alikuwa amejitolea kwenye reli ndogo za urithi tangu ujana wake, na mwanawe alipopanga kumpeleka karakanani kuiona injini iliyoletwa kutoka Afrika Kusini, alisisitiza kwamba nami niende, nimsukumie kiti chake cha magurudumu. Yeye alifariki kabla ya majira ya baridi. Mimi nilirudi Jumamosi iliyofuata mazishi, nikaomba ovaroli.

Kujitolea kwa namna hii kuna historia ndefu Wales. Reli ya Talyllyn, iliyokuwa ikibeba mawe ya kuezekea kutoka machimboni, ilikuwa karibu kufa wakati kikundi cha wapenzi wake kilipoichukua na kuanza kuiendesha mwaka 1951, ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea. Karibu nayo kuna reli ya Welsh Highland, inayopita miguuni pa mlima Snowdon kwa kilomita 40 kati ya Caernarfon na Porthmadog. Hiyo ilifungwa miaka ya 1930 na vyuma vyake vikang'olewa, lakini ilijengwa upya kwa hatua kuanzia mwaka 1997 na kukamilika mwaka 2011. Walipotafuta injini zenye nguvu ya kupanda milima ile kwenye kona kali, walizipata Afrika.

Hapo ndipo moyo wangu ulipotekwa. Sisi wa Dodoma tumezoea reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Upana wake ni mita moja, na siku hizi tunaiona nyembamba tukiilinganisha na milimita 1,435 za SGR. Reli ya Welsh Highland ina milimita 597 tu. Mtoto wa darasa la kwanza anaivuka kwa hatua moja. Hata hivyo, juu ya vyuma hivyo vidogo hupita injini zenye uzito wa tani zaidi ya 60, za aina iitwayo Garratt, kwa jina la Mwingereza Herbert William Garratt aliyeibuni mwanzoni mwa karne ya 20. Siri yake ni kwamba injini moja imegawanywa sehemu tatu: mbele kuna seti ya magurudumu na silinda zake ikiwa na tangi la maji juu yake, nyuma kuna seti ya pili ikibeba makaa ya mawe na maji mengine, na katikati boila imening'inia kama mzigo kwenye mti uliobebwa na watu wawili begani. Kwenye kona, yule wa mbele hugeuka kwanza, wa nyuma hufuata, na uzito hugawanyika kwenye magurudumu mengi bila kuvunja reli nyepesi. Zaidi ya hayo, kwa kuwa chini ya boila hakuna magurudumu, jiko linaweza kuwa kubwa na lenye kina.

Baba hakuhitaji kuelezwa hayo. Afrika Mashariki ilikuwa na Garratt zake, na zile 34 za aina iliyoitwa daraja la 59, zilizopewa majina ya milima na kuvuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, zilikuwa injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote zilizowahi kupita kwenye reli ya mita moja. Zilitengenezwa miaka ya 1950 na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Gorton, Manchester, na kiwanda hichohicho ndicho kilichotengeneza nyingi kati ya zile ndogo za Afrika Kusini zinazoitwa NGG16. Injini ya mwisho ya Garratt kutoka Manchester, namba 143 ya mwaka 1958, iliagizwa kwa ajili ya migodi ya Tsumeb katika nchi ambayo leo ni Namibia, lakini upana wa reli ya huko ukaongezwa, nayo ikapelekwa Natal, Afrika Kusini. Sasa iko Wales, saa chache tu kwa barabara kutoka mahali ilikozaliwa. Nilipomsimulia baba, alitikisa kichwa polepole na kusema kwamba imezunguka dunia ili irudi kwa mama yake.

Injini yetu ni ya ukoo huo. Ilifika ikiwa imekaa kwenye jua kwa miaka mingi, na chuma kilikuwa kimeliwa zaidi mahali ambapo majani na majivu yaliyolowa yalikuwa yamekusanyika. Tumeitenganisha sehemu zote tatu. Kazi yangu ya kwanza, iliyochukua majira yote ya baridi, ilikuwa kukwangua magamba ndani ya boila baada ya mabomba yake kutolewa: ukoko mgumu wa chokaa na chumvi uliojengwa na maji kwa miaka mingi, mahali pengine mnene kuliko kucha. Ukoko huo huzuia joto lisiingie kwenye maji, na chuma kilichonyimwa maji ya kukipoza huungua. Niliingia kupitia tundu ambalo wenzangu wenye miili mikubwa hawakuweza kulipita, nikiwa na taa kichwani na barakoa usoni. Wenzangu hao ni mwalimu mstaafu, muuguzi, dereva wa lori, kijana wa miaka 16 ambaye tayari anajua kuchomelea kuliko wengi, na fundi mkuu aliyetumia maisha yake yote katika chuma. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninafanya nini pale. Waliniuliza tu kama nimekwisha kunywa chai.

Nilipomweleza baba kuhusu magamba, alisimama na kuanza kutembea barazani, jambo analolifanya akichangamka. Alisema kwamba maji ya visima vya kanda ya kati, kwa chumvi yake, yaliwatesa kuliko kitu kingine chochote. Kwamba boila ilipaswa kuoshwa kwa ratiba isiyovunjwa. Kwamba baada ya kuosha, fundi mzuri huchukua kipande cha gamba na kukivunja mkononi ili aone kama ni laini au gumu, na kutokana na hilo ajue ioshwe tena lini. Injini nyingi za kwetu zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo hakuwahi kuchota makaa ya mawe kwa beleshi kama watakavyofanya wachochea moto wetu, na akaniuliza maswali mengi juu ya majivu.

Kwa siku tisa sasa nimekuwa nikiandika anayoyasema. Nina daftari lililojaa nusu. Nilikuwa sijui, kwa miaka yote niliyoishi naye, kwamba maarifa hayo yote yamo humu ndani, kwa sababu tulipokuwa wadogo hakuna binti aliyekaribishwa karakanani, na yeye akirudi nyumbani alikuwa mtu wa kunawa mikono kwa muda mrefu na kulala. Ninajuta kwamba sikuuliza mapema. Rafiki zake wa kazi aliowataja kwa majina, karibu wote, wamekwisha tangulia.

Jumatano tulikwenda pamoja kwenye stesheni ya zamani, katikati ya mji. Alitaka kutembea kwa miguu. Aliangalia mabehewa yaliyosimama, akanionyesha kwa fimbo yake jinsi injini ya mvuke ilivyosogezwa taratibu hadi bomba la maji liwe juu ya tangi lake, kisha akaniambia kitu ambacho sikukitarajia: kwamba injini aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya daraja la 30. Hizo zilitengenezwa Glasgow miaka ya 1950 kwa ajili ya upande wetu wa Tanganyika, na zilipewa majina ya makabila ya nchi hii. Nyingi za wakati ule ziliishia kuwa chuma chakavu. Mojawapo, namba 3020, imesalia katika jumba la makumbusho ya reli Nairobi, na jina lake ni Nyaturu, watu wa Singida, jirani zetu hapa. Baba hajawahi kwenda kuiona. Nimekwisha kuzungumza na ndugu zangu kuhusu nauli, na Desemba, Mungu akipenda, nitampeleka.

Kuhusu ile stei, usiku uleule nilituma picha kwa fundi mkuu pamoja na maneno ya baba, nikiyatafsiri kadiri nilivyoweza. Alijibu kwamba upande ule ulikuwa bado haujagongwa, na kwamba wangeanza nao Jumamosi. Jambo hili si dogo, kwa sababu kabla ya boila kuruhusiwa kubeba mvuke, mkaguzi ataijaza maji baridi na kuisukuma hadi presha inayozidi ile ya kazi, ambayo kwa injini hizi ni paundi 180 kwa kila inchi ya mraba. Hutumia maji kwa kuwa hayabanwi kama hewa au mvuke, na chuma kikishindwa, kitavuja tu bila kulipuka. Stei mbovu zinapaswa kujulikana na kubadilishwa kabla ya siku hiyo.

Leo ni Jumapili, na majibu yamefika wakati tukitoka kanisani. Waligonga ukuta wote wa kushoto. Stei mbili zimetoa sauti ya kufa, zote za safu ya juu, karibu na kona, na ile ya kwenye picha ni mojawapo. Nilimsomea baba ujumbe huo palepale chini ya mti, nikidhani atafurahi kwamba aliona sawasawa. Hakuonyesha kufurahi. Aliniuliza kama wamezigonga tena zile zilizo pembeni mwa hizo mbili, nikamwambia kwamba ujumbe hausemi.

"Waambie wasiishie hapo," alisema. "Stei ikikatika, jirani zake ndizo zinazobeba mzigo wake. Hizo ndizo zitakazofuata. Wazigonge upya, taratibu, na yule kijana wa miaka 16 awe ndani akisikiliza, maana masikio ya wazee hudanganya."

Nimeuandika ujumbe huo na kuutuma.