Nilivyozitambua sarafu zilizosagika za majimbo ya Kirumi

Anayeshika sarafu kuukuu kwa mara ya kwanza huutazama uso wa mfalme. Mimi, nilipoanza kupanga sarafu za majimbo ya mashariki ya Dola ya Kirumi nilizonunua mnadani hapa Uingereza, niliamua kuuacha uso hadi mwisho, kwa sababu ndio ulioinuka zaidi na kwa hiyo ndio unaolika kwanza, ilhali herufi chache za karibu na ukingo mara nyingi husalia.

Nilianza kwa mizani ya sonara. Kila sarafu niliiandikia uzito, kipenyo, unene na rangi ya madini, na hatua hiyo peke yake ikalitenga kundi la Aleksandria, yaani tetradrakma (sarafu za drakma nne) za shaba iliyochanganywa na fedha kidogo, ambazo zilikuwa pesa ya Misri tu. Katika karne ya 1 na ya 2 sarafu hizo zilikuwa na gramu 12 au 13 hivi. Kufikia enzi ya mfalme Diocletian, mwishoni mwa karne ya 3, zilikuwa zimeshuka hadi gramu 7 au 8, zikawa ndogo lakini nene. Kuzisafisha nilitumia maji yaliyochemshwa na kukusanywa kwa mvuke, pamoja na mswaki laini. Siki na brashi ya waya sizikaribishi kabisa, kwani utando mweusi au wa kijani ulioganda juu ya shaba ndio mara nyingi unaohifadhi mchoro uliobaki.

Baada ya hapo kazi kubwa ni ya mwanga. Taa niliishusha hadi karibu na meza ili mwanga uipige sarafu kwa ubavu, kisha nikaizungusha polepole. Tetradrakma moja ya milimita 19, iliyoonekana tambarare kabisa mchana, ilitoa kwa namna hiyo umbo la mwanamke aliyesimama huku akiinua pindo la vazi lake: Elpis, mungu wa kike wa matumaini. Kando yake palikuwa na alama inayofanana na L, ambayo mafundi wa Aleksandria waliiweka kuonyesha mwaka wa utawala, ikifuatwa na iota, yaani 10. Kwa udogo ule wa sarafu, walioufikia mwaka wa 10 ni wawili tu, Diocletian na mfalme mwenzake Maximian, maana Probus, mfalme wa kabla yao, aliishia mwaka wa 8. Nilipougeuza upande wa kichwa, juu kidogo ya taji zilijitokeza herufi ΞIM (Ξ ni X ya Kigiriki), nazo katika jina la Diocletian hazimo. Mwaka wa Misri ulianza tarehe 29 Agosti, na mfalme alihesabiwa mwaka wa kwanza hata kama alikuwa ametawala miezi michache tu kabla ya siku hiyo. Hivyo mwaka wa kwanza wa Maximian ni 285/286, na wa 10 ni 294/295. (Wakristo wa Kikopti hadi leo huhesabu miaka yao kuanzia tarehe 29 Agosti 284, mwanzo wa mwaka wa kwanza wa Diocletian.)

Shaba za miji ni ngumu zaidi, kwa kuwa nyingi hazina mwaka. Hapo hutafuta jina la mji, ambalo kwa kawaida huishia na ΩN, nikikumbuka kwamba C katika maandishi hayo ni S ya Kigiriki. Jina likikosekana, mchoro husaidia. Mlima uliochongoka juu ya kitako mithili ya madhabahu hunielekeza Kaisaria ya Kapadokia, mji uliouenzi Mlima Argaeus, ambao leo huitwa Erciyes nchini Uturuki. Bendera tatu au nne za kijeshi zenye herufi zilizotawanywa katikati yake hunielekeza Nikea ya Bithinia. Nikishapata mji, naingia katika katalogi ya Roman Provincial Coinage kwenye intaneti na kulinganisha uzito na mpangilio wa herufi, kwa kuwa miji jirani iliigana michoro bila haya.

Ipo moja ya Nikea ambayo kichwa chake kimefutika, zikabaki ncha za taji la miale peke yake. Kwenye karatasi yake nimeandika kwa wino "Nikea, karne ya 3", na kwa penseli "Gordian III?", kwa maana taji la namna hiyo walilivaa wafalme wengi wa karne ile.