Jua lililokaliwa

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, kwa hiyo lenzi ya milimita 300 ninayo. Wiki ya kwanza ya Januari sikupata hata harusi moja, nikawa nadamka kwenda Coco Beach, ufukwe wa Dar es Salaam, kulipima jua.

Chanzo ni kalenda ya swala iliyo ukutani kwangu. Sikujua kwamba saa ya shuruki (jua kuchomoza) inayoandikwa pale imeshahesabia ujanja wa hewa. Nuru ikiingia kwenye hewa nzito ya chini hupinda, tukaliona jua juu kuliko lilipo. Penye upeo hupandishwa kama dakika 34 (za pembe, 60 kwa digrii moja), na jua lenyewe lina upana wa dakika 32 hivi. Yaani linapoachana na bahari, kwa hesabu lote bado liko chini!

Siku tatu niliambulia mawingu. Ya nne upeo ulikuwa safi, ila picha za mwanzo ziliungua, ukingo wa jua ukavimba hata hujui upimie wapi. Nikapunguza mwanga mpaka likabaki kama chungwa jekundu. Mara mguu mmoja wa stendi ukazama mchangani. Kamera ikilala upande vipimo vyote vinaharibika, nikainyoosha kwa kufuata mstari wa bahari. Yote hayo kwa kutazama skrini. Jicho kwenye tundu la kamera, hapana.

Nyumbani nikahesabu pikseli: upana 760, kimo 642. Upana hewa haiugusi sana, basi nikaufanya ndio rula: dakika 32.5, kipenyo cha jua la Januari, dunia inapokuwa karibu nalo zaidi. Kimo kikaja dakika 27.5. Zile 5 zilizopotea ndizo nilizozifuata: ukingo wa chini umepandishwa zaidi ya wa juu kwa kiasi hicho. Kwenye picha za robo tatu ya saa baadaye, nilizopiga kwa kichujio cha jua, tofauti ilikuwa pikseli 6 tu.

Kulekule ufukweni nilimwonyesha mzee muuza kahawa, aliyenitazama siku zote nne bila kuuliza.

"Shikamoo mzee. Hebu ona."

"Marahaba. Mbona kama limekaliwa?"

Nikamweleza habari ya hewa. Akamimina kahawa, akafikiri.

"Basi bi harusi usimpigie picha saa hizi, mwanangu. Atatoka mfupi."