Kimya cha simu

Jana umeme ulirudi saa nne usiku, usingizi ukiwa umeshanipaa. Nikafungua kompyuta nitazame All the President's Men, mara ya nne sasa, kama si ya tano.

Filamu ni ya 1976, mwongozaji Alan J. Pakula. Kisa kinafahamika: Juni 17, 1972 watu watano wanakamatwa usiku ndani ya ofisi za chama cha Democratic, jengo la Watergate, na waandishi wawili wa gazeti la Washington Post, Bob Woodward na Carl Bernstein, wanafuata nyayo za fedha mpaka Ikulu ya Marekani, kwa Rais Nixon. Mlinzi aliyeona mkanda umebandikwa kwenye kitasa, Frank Wills, kaigiza nafasi yake mwenyewe. Huwa namsubiri. Anapita na tochi yake, anapiga simu polisi, basi, hatumwoni tena.

Nilipokuwa mwanafunzi nilimpenda yule mtoa siri anayekutana na Woodward kwenye gereji, kivuli kitupu na sigara. (Mwaka 2005 Mark Felt, aliyekuwa namba mbili wa FBI, alijitokeza akasema ni yeye.) Siku hizi, akitokea yeye, ndipo naenda kuchemsha chai. Kazi yenyewe iko kwenye simu na milango. Kwa kama dakika sita Robert Redford, ndiye Woodward, amekaa tu mezani, simu sikioni, anamchimba Kenneth Dahlberg hundi ya dola 25,000 ilifikaje kwenye akaunti ya mmoja wa wale waliokamatwa. Kamera inamsogelea polepole mno, unashtukia tu uso umejaa kioo. Halafu Dustin Hoffman, ndiye Bernstein, kwa yule mama mtunza vitabu vya hesabu za kampeni ya Nixon: dada mtu kamkaribisha kahawa, naye anaing'ang'ania hiyo kahawa ili asiambiwe aondoke. Mama anaogopa. Anataja herufi za mwanzo za majina, kisha ananyamaza, kisha anataja nyingine.

Lakini jana nilirudisha nyuma mara tatu pale Bernstein anapompigia mwanasheria wa serikali. Yule bwana hataki kusema lolote. Wanakubaliana hivi: nahesabu mpaka kumi, kama habari ina kasoro ukate simu, nikimaliza bado upo, tunachapa. Anahesabu. Simu haikatwi. Gazeti linachapa kwamba Hugh Sloan, aliyekuwa mweka hazina wa kampeni, alimtaja Haldeman, mkuu wa wafanyakazi wa Ikulu, mbele ya jopo la mahakama. Kumbe hakumtaja, kwa kuwa hakuulizwa! Haldeman kwenye zile fedha alikuwamo kweli, ila ushahidi walioutaja haukuwapo. Kimya kilisomwa vibaya.

Sisi tumekuzwa kwamba binti akiulizwa kuhusu posa akanyamaza, amekubali. Sijui mabinti wangapi walikuwa wanatafuta tu maneno ya kukataa.

Nami nina kimya changu. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mkoani, nilifuatilia mfuko wa maji wa kijiji kimoja. Fedha zilitoka, bomba halikuonekana. Nikampigia mzee aliyewahi kuwa mweka hazina: "Shikamoo mzee. Mwenyekiti ndiye aliyesaini peke yake?" Kimya. Nikarudia. Kimya tena. Nikajiambia mzee anaogopa, kwa hiyo ni kweli. Nikaandika kwamba mweka hazina wa zamani "hakukanusha".

Mzee hakuwa ameogopa. Hakunisikia. Kwake mtandao unashika ukiwa umepanda kichuguu kilicho nyuma ya zizi, na siku ile alipokelea simu barazani. Saini zilikuwa tatu, mojawapo ya kwake, na karatasi alikuwa nazo zote. Tuliomba radhi ukurasa wa sita, mistari minne. Ben Bradlee, mhariri wa Post, kwenye filamu anaamua kusimama na vijana wake. Mhariri wangu aliniita, akalisukuma gazeti upande wangu wa meza, akaendelea kula mihogo yake.

Nilipanda basi kwenda kumwomba mzee msamaha ana kwa ana. Akanichinjia kuku, kitu kilichonitesa kuliko matusi. Akanionyesha zile karatasi, moja moja, na mpaka leo namba yake ninayo. Nikimpigia siku ya Idi, kabla hata sijamwamkia utamsikia:

"Sema mwandishi, niko juu ya kichuguu."