Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Piano, Iringa

Saa kumi na mbili asubuhi. Baridi ya Julai hapa Iringa haimwonei huruma mtu anayetumia vidole, kwa hiyo chai ya tangawizi hutangulia spana. Kesho jioni kutakuwa na onyesho la fidla na piano katika ukumbi wa kanisa, Gangilonga, na kazi yangu ya leo ni kuitayarisha piano. Mpiga fidla anaweza kusogeza kidole kidogo akaipata sauti anayoitaka, ilhali mpiga piano hupiga zile tu alizoachiwa na fundi.

Saa moja na nusu. Mlinzi ananisalimu "Kamwene" na kunifungulia mlango. Madirisha yamelala wazi, nami nayafunga kwanza, kwa kuwa hewa kavu ya kiangazi ndiyo adui wa chombo hiki: ubao wa sauti husinyaa, mkazo wa nyuzi hupungua, na sauti hushuka, tena si zote kwa kiasi kimoja. Vitufe ni 88 lakini nyuzi zinazidi 200, kwani sauti nyingi zina nyuzi tatu tatu, na mojawapo ikiachana na wenzake hata kidogo, sauti huanza kuyumba.

Saa mbili hadi saa sita. Naanza na sauti iitwayo A (ndiyo la), ile ya katikati, ambayo naiweka kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, kisha najenga sauti nyingine kutoka hapo. Wanakwaya waliokulia kwenye do-re-mi hushangaa ninapowaambia kwamba katika piano iliyotuniwa vizuri, yaani iliyorekebishwa sauti zake, umbali wa do hadi so hubanwa kidogo kwa makusudi. Ukiuacha safi, yaani bila kuubana, kila mahali, mzunguko wa sauti kumi na mbili hautafungana, yaani hautarudi pale ulipoanzia, na nyimbo zinazoanzia baadhi ya sauti zitakuwa hazisikiliziki. Mpiga fidla naye hutuni nyuzi zake nne kwa umbali huohuo, ila yeye huuacha safi. Matokeo yake ni kwamba akianzia A, uzi wake wa chini kabisa, yaani G, huwa chini kidogo ya G ya piano. Tofauti hiyo ni ndogo mno, lakini katika sehemu za polepole sikio lililozoea huikamata.

Mchana nakula ugali na maharage, sina la kusimulia.

Saa tisa. Wapigaji wanafika. "Shikamoo fundi," anasema binti wa fidla, na baada ya kuitikiwa ananiomba nimpigie A, kisha G pia. Ombi hilo la pili limenifurahisha kuliko sifa yoyote, kwa kuwa limenionyesha kwamba atapunguza usafi wa nyuzi zake ili akutane na piano njiani. Vigingi vya fidla yake vinateleza kwa ukavu huuhuu, hivyo kutuni kunachukua muda.

Wanaanza na sonata, yaani utungo wa ala wenye sehemu kadhaa, ya Mozart ya mwaka 1778, yenye sehemu mbili tu, iliyochapishwa katika mkusanyo ambao jina lake liliifanya fidla kuwa msindikizaji wa piano. Baadaye inakuja sonata ya tano ya Beethoven, ya mwaka 1801, ambamo fidla ndiyo inayotangulia na wimbo, kisha piano inaupokea. Sehemu ya tatu ni fupi sana, na ndani yake fidla inasikika kama imechelewa pigo moja nyuma ya piano. Mzaha huo ni wa mtunzi mwenyewe, na wasikilizaji wetu wakidhani kesho kwamba binti amepotea njia, basi atakuwa ameupiga sawasawa.

Saa kumi na mbili jioni. Nyuzi mbili za juu za piano zimelegea baada ya mazoezi, nazirudisha. Tumekubaliana kwamba kesho madirisha yasifunguliwe hadi watu waingie, na kwamba nitakagua tena saa tisa, kwa sababu ukumbi uliojaa watu una joto na unyevu wa aina yake. Onyesho litaanza saa kumi na moja kamili.