Nilivyodaka ligi kuu huku nikisomea udaktari

Ushauri niliopewa kuliko wote ni "chagua moja." Shangazi alisema, wahadhiri wakasema, hata wachezaji wenzangu. Wengine wakanitaka niahirishe mwaka, kana kwamba kuna klabu inayomsubiri kipa asiyecheza. Sikuchagua. Nimedaka Ligi Kuu ya Wanawake tangu mwaka wa pili chuoni, na nimemaliza MD, shahada ya udaktari, bila kukeri somo hata moja, yaani bila kufeli na kulibeba mbele. Wadogo zangu wananiuliza kila mara nilifanyaje, basi leo naandika.

Mechi si tatizo. Mechi ni dakika 90. Tatizo ni kambi. Timu ikiingia kambini, mwalimu anataka kila mtu alale pale, ale pale, asionekane mtaani. Na kuanzia mwaka wa tatu chuo nacho kinakutaka wodini asubuhi na mapema. Una wagonjwa wako, na kabla raundi ya madaktari haijafika kitandani uwe umeshajua joto la usiku, mkojo, majibu ya maabara. Miaka miwili ya mwanzo, ya anatomia na baiokemia, unaweza kupiga msuli usiku ukafidia. Wodi haifidiwi usiku.

Wengi hukimbilia kwa wakubwa wa chuo na barua ya klabu. Barua yangu ilikaa mezani kwa mtu mpaka msimu ukaisha. Anayeshika muda wako ni CR, kiongozi wa darasa, anayepanga makundi, na daktari anayesimamia zamu ya siku hiyo. Kwa hiyo nikaanza kuweka akiba ya zamu. Ligi ikiwa imesimama, nilichukua Krismasi, Pasaka, Idi, na zile wikiendi ambazo kila mtu anataka kwenda kwao. Usiku wa leba nilichukua, wa wodi ya watoto nilichukua. Sikudai kurudishiwa papo hapo. Niliandika kwenye daftari nani nimemshikia. Ratiba ya ugenini ikitoka, napiga simu: "Dokta, naiomba Jumamosi yangu." Tunamwarifu msimamizi, jina linabadilishwa, naondoka. Lipa kwanza ndipo ukope, mdogo wangu. Anayeanza kwa kuomba huchokwa mapema.

Mwalimu naye nilikaa naye chini. Nikamwambia nalala kambini, natoka alfajiri, jioni nipo mazoezini, na makipa wenzangu wanajua. Alikubali kwa masharti, na sikumwangusha. Kambi ikawa maktaba yangu: chakula kimepikwa, taa zinazimwa mapema, hakuna wa kukuita kwenye sherehe.

Safari ndiyo naipenda kuisimulia. Dar hadi Mwanza ni siku nzima kwenye basi, na kusoma karatasi barabarani kunanitia kichefuchefu. Nikajirekodi kwenye simu, maswali yakifuatwa na ukimya wa kutosha kujibu. "Mjamzito wa miezi minane, kichwa kinauma, anaona maruerue, presha iko juu. Unafikiria nini? Unaanza na nini?" Kisha kimya, kisha jibu kwa sauti yangu mwenyewe. Siku moja spika za masikioni zikafa, nikafungulia simu kwa sauti ndogo. Kufika Morogoro, beki wetu wa kulia alikuwa anajibu kabla yangu. Kufika Singida, nusu ya basi inabishana kuhusu kifafa cha mimba na dawa yake, magnesiamu salfeti. Sijawahi kufundishwa vizuri kama siku ile.

Na udaktari uliniokoa mkono. Nilidaka shuti mazoezini, kiganja kikakunjwa kwa nyuma. Mhudumu wa timu akasema umeteguka tu, barafu na bandeji. Mimi nikabonyeza kale kashimo kanakotokea chini ya kidole gumba ukikinyoosha juu: maumivu yakapanda mpaka kwenye meno. Hapo chini kuna skafoidi, kimfupa ambacho damu yake huingilia upande wa mbele, wa vidoleni, kurudi nyuma, kwa hiyo kikivunjika kipande cha nyuma kinaweza kufa. Eksirei ya kwanza ilitoka safi, na mwenye timu akataka nidake Jumapili. Nikakataa. Skafoidi iliyovunjika inaweza isionekane siku za mwanzo. Unafunga mkono, unarudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Niliporudia, ufa ulikuwepo. Nilifungwa hogo, nikapona, bado nadaka.

Wanaosema haiwezekani wamsome Bobby Brown wa New York Yankees, timu ya besiboli ya Marekani. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Tulane huku akicheza besiboli, akahitimu 1950, akatwaa World Series, ubingwa wa besiboli, mara nne kati ya 1947 na 1951. Msimu wao wa ligi huanza majira ya kuchipua na kuishia Oktoba, baridi yote ikabaki ya darasa. Sisi ligi na muhula vinagongana. Ndiyo maana mkataba wangu wa pili niliuombea kipengele: wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, siitwi kambini, na posho ya mechi hizo sidai. Pesa yenyewe si ya kulilia, bumu, yaani mkopo wa chuo, na posho vikichanganywa vilitosha nauli na chakula. Waliponiambia klabu haiandiki mambo hayo, niliacha kalamu mezani. Wakaandika. Kabla hujasaini chochote, chukua kalenda ya chuo, iweke mbele yao, na tarehe za mitihani ziingie kwenye karatasi ile ile yenye sahihi.