Pancha pale Gede

Jana jioni natoka Mombasa narudi nyumbani Malindi. Nimeshapita njia panda ya Gede, usukani ukaanza kuvuta kushoto. Kushuka, tairi la mbele limelala kabisa, kichwa cha msumari kinang'aa.

Wenye magari ya spoti mnajua, mengi hayana spea. Langu lina chupa ya gundi na pampu ndogo tu. Nilikuwa nishaitikisa chupa, mzee muuza madafu akaniita, "Mwanangu, usitie hiyo kwanza. Fundi yuko hapo mbele." Mungu ambariki mzee yule, kwani gundi ile ikishaingia huchafua tairi lote ndani na fundi huhangaika kuliziba.

Jeki ya fundi haikuingia, gari liko chini mno. Akaleta ubao, nikalisogeza polepole mpaka gurudumu likapanda juu yake, ndipo jeki ikapata nafasi. Akang'oa msumari kwa koleo, akasukuma kamba ya mpira tunduni, akakata ncha kwa wembe, akatia upepo. Kisha akamwagia maji ya sabuni, tukainama sote kutazama. Hakuna povu hata moja.

Nashukuru msumari haukupiga ubavu. Ubavu ukitoboka hauzibwi, ni tairi jipya, na saizi hizi ni ghali kweli.

Nimefika nyumbani magharibi imeshaadhiniwa. Mzee nilimpa pesa akakataa katakata, akanipa na dafu juu yake. Ijumaa nampelekea halua, inshallah.